Kuiga kwa kompyuta jinsi dhoruba inavyokula tuta la mchanga: mwongozo kutoka Moshi

Maji ya Mto Karanga, unaopita kando ya mji wa Moshi, huteremka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Hapo ndipo Kikuletwa na Ruvu hukutana, mmoja ukileta maji ya Meru na ya kusini mwa Kilimanjaro, mwingine ukitoka upande wa mashariki wa mlima. Kutoka bwawani unaanza Mto Pangani, nao huingia Bahari ya Hindi penye mji wa Pangani. Zamani mchanga ungeweza kusafiri njia hiyo yote. Sasa ule wa huku juu hutua bwawani. Kwa hiyo mtu wa Moshi anayehangaika na matuta ya pwani hajapotea njia. Anafuata mchanga wa kwao.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa uhandisi au jiografia, au fundi yeyote mwenye laptopu ya kawaida na Python kidogo, anayetaka kujua tuta la mchanga litarudi nyuma mita ngapi dhoruba ikipiga. Chombo chetu ni XBeach. Ni programu huria, haina malipo, na Dano Roelvink na wenzake waliieleza kwa kina mwaka 2009. Ilitengenezwa hasa huko Delft, Uholanzi, baada ya vimbunga vilivyoumiza pwani za Marekani mwaka 2004 na 2005. Zipo nyingine, kama SBEACH ya mwaka 1989, lakini hii ndiyo ninayoiamini zaidi kwa tuta linalopigwa na mawimbi, na sababu zake utaziona hapa chini.

Anza na beseni, kompyuta baadaye

Chukua ndoo ya mchanga wa mtoni, ule wa kujengea, uuanike ukauke kabisa. Umimine sakafuni taratibu. Utajipanga kama pia, na kila ukiongeza, ubavu unaporomoka na kurudi kwenye mteremko uleule, nyuzi 30 na kitu. Sasa ulowanishe kidogo, kiasi cha kushikana. Ukiukata kwa mwiko unasimama wima kama ukuta. Kisha weka ukuta huo kwenye beseni na umimine maji polepole pembeni, bila kuugusa. Tazama kitako. Maji yakipanda sentimita mbili tu, kitako kinalegea, kinatandazika, na ukuta wote wa juu, ambao haujaguswa na tone, unaanguka kwa pande.

Hivyo ndivyo tuta linavyokufa, na tofauti iliyopo baharini ni ukubwa tu. Wimbi halipigi kilele. Linalowesha na kukwangua kitako, pande la mchanga linaanguka, na maji yanayorudi chinichini kuelekea baharini yanalibeba. Mchanga huo hutua mbele kidogo na kuufanya ufuo uwe mpana na wa mteremko mdogo zaidi. Mawimbi yanayofuata yanavunjikia mbali zaidi, kwa hiyo ulaji hupungua kadiri saa zinavyokwenda. Ndiyo maana saa chache za kwanza za maji kujaa ndizo mbaya kuliko zote.

Ndani ya XBeach jambo hilo limewekwa kwa namba mbili. Ya kwanza, `dryslp`, ni mteremko ambao mchanga mkavu ukiuzidi unaporomoka. Kwa kawaida ni 1, yaani nyuzi 45, kwa sababu mchanga wa tuta huwa na unyevu wa kushikana. Ya pili, `wetslp`, ni ya mchanga uliofunikwa na maji. Kwa kawaida 0.3, yaani nyuzi 17 hivi. Seli ya tuta (kimoja cha vipande vidogo ambavyo modeli hugawia ufuo) ikifikiwa na maji, inahama kutoka sheria ya kwanza kwenda ya pili, na yaliyo juu yake yanashuka. Ukielewa beseni lako, umeelewa kiini cha modeli nzima. Wanaoruka hatua hii ndio baadaye hubadilisha namba ovyo mpaka picha ipendeze.

Uliza swali moja lenye tarehe

Usianze na "mmomonyoko wa pwani ya Tanzania". Chukua mstari mmoja wa ufuo na tukio moja.

Swali ninalolipenda ni hili. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Tazama kalenda ya mwezi: robo ya mwisho ilikuwa tarehe 1, mwezi mpya ulikuwa tarehe 8. Maana yake siku ile maji yalikuwa ndiyo kwanza yanatoka kwenye mafu, siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo. Hayakuwa ya bamvua, siku ambazo hupanda na kushuka sana. Je, mawimbi ya dhoruba yakija siku tano au sita baadaye, wakati wa bamvua, tuta la Pangani lingefanya nini? Hilo ni swali ambalo modeli inaweza kulijibu, na mvuvi anaweza kulielewa bila kufafanuliwa.

Pwani yetu ina tofauti kubwa ya maji. Kati ya kujaa na kupwa siku za bamvua maji hupishana kwa zaidi ya mita 3. Kwa hiyo kwetu saa na siku ambayo dhoruba inafika ina uzito sawa na dhoruba yenyewe. Ukikosea kimo cha maji kwa nusu mita, hakuna kazi nyingine ya ustadi itakayokuokoa.

Kupima ufuo kwa vijiti viwili

Hapa hakuna njia ya mkato: lazima ushuke baharini. Kutoka stendi ya Moshi unapanda basi la Tanga, linapita Same na Korogwe na kukata kushoto Segera; kutoka Tanga unachukua gari la Pangani. Panga safari iangukie bamvua, kwa sababu maji yakipwa sana ufuo unabaki wazi na utapima sehemu kubwa kwa miguu.

Njia ni ile iliyoelezwa na K. O. Emery mwaka 1961, nayo inahitaji seremala tu. Tengeneza vijiti viwili vilivyo sawa, mita 1.5 kila kimoja, vyenye alama za sentimita kuanzia juu kwenda chini. Vifunge kwa kamba ya mita 2. Anzia kwenye alama isiyohama: msumari kwenye shina la mvinje mkubwa nyuma ya tuta, au pembe ya msingi wa nyumba. Shika kijiti cha upande wa nchi kavu, mwenzako ashike cha upande wa bahari, kamba ikiwa imenyooka. Tazama upeo wa macho pale bahari inapokutana na mbingu. Kama ardhi inateremka, lenga ili ncha ya kijiti cha mwenzako iguse mstari wa upeo, kisha soma jicho lako liko alama gani kwenye kijiti chako. Namba hiyo ndiyo ardhi ilivyoshuka katika mita 2 hizo. Kama inapanda kuelekea baharini, ncha ya kijiti chako ndiyo inalengwa na namba inasomwa kwenye cha mwenzako. Andika, songeni mbele, rudieni. Kwenye uso wa tuta punguza kamba iwe nusu mita, maana pale ndipo sentimita zina thamani.

Ukifika majini, andika saa kamili na mahali maji yalipofika. Kwa saa hiyo na jedwali la maji utaunganisha vipimo vyako na kimo cha bahari. Piga picha ya msumari wako pia.

Kwa kina cha mbele, omba mvuvi akupeleke kwa ngalawa na bildi, yaani kamba ya kupimia kina yenye chubwi, uzito wa kuizamisha. Shusha chubwi kila baada ya mita 20 au 30, soma kamba, andika saa, na baadaye ondoa kupanda na kushuka kwa maji. Simu yenye GPS inatosha kwa mahali. Ramani za dunia nzima za kina cha bahari, kama GEBCO, zina hatua ya karibu mita 450 kati ya nukta na nukta. Zifae kwa bahari ya mbali, zisiguse ufuo wako. Na uliza kuhusu mafungu. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na miti. Sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Fungu au mwamba ukiwa mbele ya mstari wako, mawimbi yatavunjikia huko kwanza, na mstari usioonyesha hilo unadanganya.

Beba pia mfuko wa mchanga wa kitako cha tuta na mwingine wa ufuo. Maabara yoyote ya udongo wa ujenzi yenye seti ya chekeche itakupa D50, yaani ukubwa ambao nusu ya mchanga kwa uzito ni mdogo kuliko huo. Mchanga wa milimita 0.2 hukaa majini muda mrefu zaidi ya ule wa 0.4, kwa hiyo husafiri mbali na tuta huliwa zaidi.

Mawimbi na maji

Data ya mawimbi ya ERA5, inayotolewa bure na kituo cha hali ya hewa cha Ulaya, ina kila saa tangu 1940. Omba nukta moja ya bahari kuu na siku chache tu. Faili ni dogo, halitamaliza bando. Unataka urefu wa wimbi (wa kwenda juu, kutoka bonde hadi kilele), kipindi cha kilele (sekunde kati ya wimbi na wimbi kwa mawimbi yenye nguvu zaidi) na mwelekeo. Kwa maji, tumia majedwali ya bandari au rekodi za kipimo cha Zanzibar, ambazo Chuo Kikuu cha Hawaii huzikusanya na kuzitoa. Ongeza kiasi cha maji kinachosukumwa na upepo na kupungua kwa shinikizo la hewa. Shinikizo likishuka kwa hektopaskali 1, bahari huinuka karibu sentimita 1.

Hesabu ya mkono kwanza

Kabla ya kuwasha modeli, kadiria mawimbi yatapanda mpaka wapi. Hilary Stockdon na wenzake walitoa kanuni mwaka 2006 inayofaa kuandikwa ukutani:

R = 1.1 × { 0.35 β √(HL) + ½ √[ HL (0.563 β² + 0.004) ] }

H ni urefu wa wimbi wa kwenda juu bahari kuu, β ni mteremko wa ufuo, na L ni umbali kutoka kilele cha wimbi hadi kilele cha linalofuata, yaani 1.56 mara kipindi kipeo cha pili. R ni mpando: kimo ambacho asilimia 2 tu ya mipando hukizidi, kikipimwa kutoka maji yaliyotulia.

Chukua mfano wangu, namba za mazoezi tu: H mita 2.5, kipindi sekunde 9, β 0.08. L ni mita 126. HL ni 316. Sehemu ya kwanza inatoka 0.50, ya pili 0.77. Jumla mara 1.1 ni mita 1.40.

Sasa weka tuta ambalo kitako chake kiko mita 2.4 juu ya wastani wa bahari na kilele chake mita 4.5. Msukumo wa upepo uwe mita 0.2. Siku ya maji mafu maji yakijaa hufika, tuseme, 0.6: jumla ni 2.2. Mawimbi hayafiki hata kitako. Siku ya bamvua yakijaa hufika 1.8: jumla ni 3.4. Kitako kiko mita nzima chini ya mpando. Dhoruba ni ileile, wimbi ni lilelile, tuta ni lilelile, ila siku ya mafu linaamka asubuhi zima na siku ya bamvua limekatwa.

Asbury Sallenger aligawa hali hizi mara nne mwaka 2000: mawimbi yanaishia ufuoni, yanagonga tuta, yanavuka kilele, au maji yenyewe yanalifunika lote. Jua uko ipi. XBeach ikikuambia kilele kimevukwa wakati hesabu ya mkono inasema maji yako mita 1 chini yake, kuna kosa mahali, na karibu kila mara liko kwenye faili zako.

Kujenga gridi

Gridi ni mpangilio wa seli hizo. Kwa mstari mmoja utatumia modeli ya mwelekeo mmoja, `ny = 0`. Mhimili wa x unaanzia baharini na kuongezeka kuelekea nchi kavu. Anzia kwenye kina cha mita 15 hadi 20. Kama bahari yako haina kina hicho karibu, ongeza mteremko wa kubuni wa 1 kwa 50 upande wa nje mpaka kifike. Mawimbi yanahitaji nafasi ya kuingia vizuri. Seli za nje ziwe na upana wa mita 15 au 20, zipungue taratibu hadi mita 1 kwenye ufuo na tuta. Seli jirani zisipishane kwa zaidi ya asilimia 15 hivi. Upande wa nyuma endelea mita kadhaa nyuma ya tuta, usiishie kileleni.

Angalia alama ya jumlisha na toa. XBeach kwa kawaida husoma kina: namba chanya ni chini ya maji. Kama umeandika kimo, ardhi ikiwa chanya, weka `posdwn = -1`, la sivyo tuta lako linakuwa shimo.

Faili, na mtego wa mwelekeo

Faili kuu ni `params.txt`. Humo unataja gridi, faili la kina, faili la maji, faili la mawimbi, D50 kwa mita (0.00025, siyo 0.25), muda wa kuendesha kwa sekunde na unachotaka kihifadhiwe. Kwa mawimbi yanayobadilika saa kwa saa, tumia `wbctype = jonstable`. Kila mstari wa jedwali ni saa moja:

`2.5 9 270 3.3 10 3600 1`

Hizo ni urefu wa wimbi, kipindi cha kilele, mwelekeo, umbo la spektra (jinsi nguvu ya mawimbi inavyogawanyika kwa vipindi), mtawanyiko wa mwelekeo, muda wa hali hiyo, na hatua ya muda.

Simama hapo kwenye 270. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo mawimbi halisi hutoka karibu nyuzi 90, na mtu wa kwetu anaandika 90 kwa moyo mweupe. Lakini modeli, usipoigeuza, inachukulia mhimili wa x unaelekea mashariki, na wimbi linalotembea kuelekea mashariki limetoka magharibi, yaani 270. Ukiandika 90 mawimbi yako yanaelekea nje na tuta halitikisiki. Mimi nilipoteza siku mbili hapo, nikilaumu mchanga, nikilaumu gridi. Kwa mstari mmoja andika 270 kwa wimbi linalokuja moja kwa moja, na ongeza au punguza kwa pembe ambayo mawimbi halisi yanapishana na mstari wako.

Faili la maji lina safu mbili, sekunde na kimo. Liandae mara mbili: moja la mafu, moja la bamvua. Mengine yote yabaki vilevile. `morfac`, namba inayozidisha kasi ya badiliko la mchanga, iache 1 mwanzoni. Kuikuza huharakisha kazi, lakini kwa dhoruba ya saa chache yenye maji yanayopanda na kushuka, haraka hiyo ina gharama.

Kuendesha na kukagua

Mstari mmoja wa saa 12 laptopu ya kawaida inauweza. Anza na nusu saa ya jaribio, na hakikisha betri imejaa, maana umeme ukikatika katikati utaanza upya.

Matokeo yafungue kwa Python, maktaba ya `xarray` inatosha. Kabla ya kutazama tuta, tazama haya: kimo cha maji kwenye seli ya nje kifuate faili lako, urefu wa mawimbi upungue kuelekea ufuoni, na jumla ya mchanga uliopotea juu ilingane na uliotua chini. Kipengele hiki cha tatu ndicho hakimu wangu. Zidisha badiliko la kila seli kwa upana wake, jumlisha zote. Jibu liwe karibu na sifuri. Lisipokuwa, mchanga unatoroka au kuingia mpakani na huna modeli bado.

Kisha tazama maji yenyewe yanavyokwenda na kurudi. Utaona yanapanda na kushuka kwa vipindi vya nusu dakika hadi dakika kadhaa, polepole kuliko mawimbi. Hayo ni mawimbi marefu yanayoletwa na makundi ya mawimbi: makubwa saba, kisha madogo, kisha makubwa tena, kama wavuvi wanavyoyasubiri kabla ya kuingiza chombo. Kwenye ufuo wa mteremko mdogo, hayo ndiyo yanayofikisha maji kwenye kitako. XBeach inayahesabu waziwazi, na hii ndiyo sababu kubwa ya kuichagua.

Endesha kila hali mara kadhaa ukiruhusu mpangilio wa mawimbi uwe wa bahati nasibu, `random = 1`. Utapata mita 4, mita 5.5, mita 4.7. Toa jibu kama upana, usitoe namba moja.

Baada ya hapo badilisha kitu kimoja kimoja. D50. `wetslp`. Na `facua`, inayosukuma mchanga kuelekea ufuoni kwa sababu ya umbo la mawimbi: ikiongezeka, ulaji hupungua. Kwenye fuo zenye mteremko mkali modeli ina tabia ya kula kupita kiasi, kwa hiyo jaribu 0.1, 0.2 na 0.3 uone. Ila usirekebishe chochote bila kipimo cha kulinganisha nacho. Mizizi ya mivinje haimo kwenye mstari wako, kumbuka.

Kulinganisha na ufuo wenyewe

Rudi na vijiti vyako baada ya bamvua kubwa la wakati wa kusi, siku moja au mbili baadaye, kabla mawimbi ya kawaida hayajaanza kurudisha mchanga. Pima mstari uleule kutoka msumari uleule. Sasa una ufuo wa kabla, wa baada, na wa modeli. Chukua wastani wa kipeo cha pili cha tofauti kati ya modeli na ufuo wa baada, ugawe kwa wastani kama huo kati ya ufuo wa kabla na wa baada, kisha utoe kwenye 1. Ukipata 1, modeli imepatia kabisa. Sifuri maana yake ungekisia tu kwamba hakuna kilichobadilika, ungekuwa sawa nayo. Chini ya sifuri, rudi kwenye kimo cha maji kabla ya kugusa kitu kingine.

Ukienda kuonyesha kazi hii Pangani, acha grafu kwenye mkoba. Pima kutoka kwenye msumari, chomeka kijiti pale modeli inaposema ukingo wa tuta utakuwa dhoruba ikiangukia maji mafu, na kingine pale utakapokuwa ikiangukia bamvua. Waite wenye nyumba na wenye vyombo wasimame kati ya vijiti hivyo viwili, na uwaulize kama wamewahi kuona bahari ikifika hapo, mwaka gani, na mwezi ulikuwa na siku ngapi. Andika majibu yao kwenye daftari lilelile la vipimo.